Maua ya machipuko yanapochanua kipupwe: Furaha ya bustani, onyo la majira

MAPEMA Januari 2016, mpwa wangu anayeishi Norfolk, mashariki mwa Uingereza, alinitumia picha kwa simu. Ilikuwa picha ya bustani ndogo iliyo nyuma ya nyumba yake. Katikati ya nyasi zilizoloa mvua, maua ya dafodili, yale ya manjano yenye umbo la tarumbeta, yalikuwa yamesimama wima kana kwamba yamealikwa arusini.

Chini ya picha hiyo aliandika: "Mjomba, majirani wanasema maua haya ni ya Machi. Leo ni wiki ya kwanza ya Januari. Je, yamechanganyikiwa?"

Nilimjibu kwa mzaha kwamba huenda yamesikia habari za jua la Mombasa. Hata hivyo, swali lake halikuniondoka moyoni. Ua halina macho wala kalenda. Basi hujuaje kwamba wakati wa kuchanua umewadia? Na likichanua miezi miwili kabla ya wakati wake, hilo ni jambo la kushangilia au la kutia wasiwasi?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, kwa manufaa ya mpwa wangu na ya Wakenya wengine wengi wanaoishi katika nchi za baridi. Aidha, yatamfaa mkulima wa hapa nyumbani, maana jambo lililolipata ua la dafodili huko Norfolk lina ndugu zake Molo, Kericho na Nyeri.

Majira manne

Msomaji aliyezaliwa karibu na ikweta amezoea mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima. Majira yake huyapima kwa mvua: masika, vuli na kiangazi. Uingereza mambo ni tofauti. Kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23 na ushei, nchi za kaskazini huegemea mbali na jua mwezi Desemba. Huko Norfolk, mchana wa siku fupi kabisa huwa haufiki saa nane.

Ndiyo maana mwaka wao umegawanyika katika sehemu nne: kipupwe, yaani majira ya baridi kati ya Desemba na Februari, kisha machipuko, kiangazi, na hatimaye majira ya majani kupukutika.

Maua ya bustani huyafuata majira hayo kwa mpangilio ambao wenyeji huujua kama sisi tunavyojua mwezi wa kupanda mahindi. Hutangulia ua dogo jeupe linaloinamisha kichwa, ambalo Waingereza hulipa jina lenye maana ya tone la theluji. Hilo huonekana Januari au Februari. Hufuata krokasi za zambarau na manjano, halafu dafodili kuelekea Machi. Miti ya plamu huchanua Aprili, na matufaha humalizia mwishoni mwa Aprili na Mei.

Huo ndio utaratibu uliovurugika mwaka ule.

Desemba ya ajabu

Desemba 2015 ilikuwa na joto kuliko Desemba nyingine yoyote katika kumbukumbu za Uingereza. Wastani wa joto nchini humo ulikuwa nyuzi 7.9 za Selsiasi, karibu nyuzi nne juu ya kawaida. Katika eneo la kati la Uingereza, ambako vipimo vya joto vimewekwa tangu 1659, wastani ulifika nyuzi 9.7. Haijapata kuonekana Desemba kama hiyo katika kipindi hicho chote cha zaidi ya miaka 350.

Sababu ya karibu ilikuwa upepo. Kwa majuma kadhaa, upepo wa kusini-magharibi uliizoa hewa yenye joto na unyevu kutoka bahari ya Atlantiki na kuimwaga juu ya visiwa hivyo. Hewa hiyo hiyo ilileta mvua kubwa. Huko Honister, katika jimbo la Cumbria, milimita 341.4 za mvua zilinyesha kwa saa 24 tarehe 4 na 5 Desemba, na maelfu ya nyumba za eneo hilo zikafurika maji.

Kila Mwaka Mpya, wanachama wa Chama cha Wataalamu wa Mimea wa Uingereza na Ireland hutembea mashambani na mitaani kuhesabu mimea iliyochanua. Vitabu vya mimea vilikuwa vikisema kwamba katika wakati huo wa baridi mtu angetarajia kukuta aina 20 au 30 pekee. Januari 2016, walihesabu aina 612.

Tusikimbilie kudhani kwamba zote hizo zilikuwa za machipuko. Nyingi zilikuwa mimea ya kiangazi na ya majira ya kupukutika ambayo haikupata jalidi ya kuiua, ikaendelea kuchanua. Hata hivyo, palikuwepo pia yale yaliyotangulia wakati, kama yale ya mpwa wangu.

Kufuli mbili

Wataalamu wanatueleza kwamba mmea wa nchi za baridi hulala usingizi wakati wa kipupwe, na usingizi huo una kufuli mbili. Ya kwanza hufunguliwa na baridi. Ya pili hufunguliwa na joto.

Jambo hilo la kwanza huwashangaza wengi. Mtu angedhani kwamba baridi ni adui wa ua. Kumbe mmea mwingi wa huko hauwezi kuchanua vizuri usipopitia baridi kwanza. Mti wa tufaha wa kawaida, mathalani, huhitaji takriban saa 800 hadi 1,000 au zaidi za baridi iliyo chini ya nyuzi saba za Selsiasi. Ni kana kwamba mti unahesabu saa hizo moja baada ya nyingine, na hautaki kudanganywa na siku mbili tatu za jua katikati ya kipupwe.

Hesabu hiyo ikitimia, kufuli ya kwanza hufunguka. Hapo mti bado haujachanua. Unangoja joto la kutosha lijumlike, siku baada ya siku, ndipo machipukizi yafumuke.

Namna mmea unavyoikumbuka baridi ni fumbo lililowashughulisha wanasayansi kwa miaka mingi. Mwaka 1918, mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Gustav Gassner alichapisha matokeo ya majaribio yake kuhusu nafaka zinazopandwa kabla ya kipupwe, akionyesha kwamba zisipopata baridi zikiwa changa hazitoi masuke inavyopasa.

Katika zama zetu, Profesa Caroline Dean na wenzake katika taasisi ya John Innes iliyoko mjini Norwich, katika jimbo lilo hilo la Norfolk, wamechunguza jeni iitwayo FLC katika mmea mdogo wa jamii ya haradali. Jeni hiyo hufanya kazi kama breki: maadamu inafanya kazi, mmea hautoi ua. Baridi ikidumu kwa majuma mengi, seli moja baada ya nyingine huizima jeni hiyo. Joto likirudi, jeni hubaki imezimwa, na mmea huwa huru kuchanua. Kwa njia hiyo mmea usio na ubongo huikumbuka baridi iliyokwisha pita.

Dafodili na krokasi zina utaratibu wao. Hizi huota kutokana na tunguu, sehemu nene ya mmea iliyo chini ya ardhi yenye umbo kama la kitunguu maji. Ukilipasua tunguu la dafodili mwishoni mwa kiangazi utakuta ua dogo tayari limeumbika ndani, miezi mingi kabla ya kuonekana. Kazi ya baridi si kuliumba ua hilo, bali ni kulitayarishia shina lake lirefuke. Kisha joto la udongo huamua siku ya kutokeza.

Sasa jibu la kwanza la mpwa wangu linapatikana. Maua yake hayakuchanganyikiwa. Ua lilikuwa tayari ndani ya tunguu. Baridi ya miezi iliyotangulia ilikuwa imetosha kuifungua kufuli ya kwanza, hasa kwa aina za dafodili zinazowahi. Desemba ilipokuja na joto la nyuzi tisa na kumi mchana na usiku, kufuli ya pili ilifunguka. Mmea ulizisoma dalili kwa usahihi kabisa. Zilizobadilika ni dalili zenyewe.

Si kila mmea hudanganyika

Iko mimea ambayo hutazama vilevile urefu wa mchana. Mti wa bichi, ambao ni maarufu katika misitu ya Ulaya, haukubali kuchipua mapema kwa sababu tu ya joto, kwani unajua siku bado ni fupi.

Kwa upande mwingine, ipo mimea ambayo kipupwe chenye joto huichelewesha badala ya kuiharakisha. Hii ni ile yenye kuhitaji saa nyingi za baridi. Isipozipata, huchipua kwa shida: tawi moja linachanua, jingine limelala, na matunda hupungua. Mwaka 2017, wakulima wa pichi katika jimbo la Georgia nchini Marekani walipoteza sehemu kubwa ya mavuno yao baada ya kipupwe ambacho hakikuwa na baridi ya kutosha, kisha kikafuatiwa na jalidi mwezi Machi.

Kwa hivyo, tusidhani kwamba joto likiongezeka bustani yote husogea mbele kwa hatua moja. Mimea mingine hukimbia, mingine hukaa pale pale, na mingine hurudi nyuma.

Hatari iko wapi?

Baada ya kipupwe chenye joto, baridi haijaenda kokote. Huweza kurudi Machi, Aprili, hata Mei. Hapo ndipo penye hatari.

Chipukizi la mti wa tufaha lililolala katikati ya kipupwe huweza kustahimili baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini likishafumuka na kuwa ua, nyuzi mbili tu chini ya sifuri kwa nusu saa hivi zinatosha kuanza kuliua, na zikifika nne, karibu maua yote huangamia. Ukilipasua ua lililopigwa na jalidi utakuta kitovu chake kimekuwa cheusi. Kwa nje laweza kuonekana zima, lakini tunda halitatoka humo.

Mpwa wangu aliyaona hayo kwa macho yake. Dafodili zake hazikudhurika sana, kwa maana ni mimea sugu. Ua la tone la theluji ni sugu zaidi: baridi ikilizidia hulala chini kama lililokufa, kisha jua likichomoza husimama tena. Hasara aliyoipata kwa maua hayo ni kwamba ilipofika Machi, mwezi wao wa haki, alibaki na majani matupu.

Msiba ulikuwa juu ya mti wake wa plamu, uliopandwa na mwenye nyumba wa zamani. Ulichanua vizuri Aprili, na watoto wake wakaanza kuhesabu vitunda vichanga. Katika juma la mwisho la mwezi huo, upepo wa kaskazini ulileta jalidi na hata theluji katika sehemu nyingi za Uingereza. Vitunda vilianguka. Mwaka huo hawakula plamu hata moja kutoka mti ule.

Kwake ilikuwa huzuni ya watoto. Kwa wakulima wa kibiashara ilikuwa riziki. Katika siku zizo hizo za mwisho wa Aprili 2016, mashamba ya mizabibu ya Burgundy nchini Ufaransa yalipigwa vibaya. Miaka mitano baadaye, kati ya tarehe 5 na 8 Aprili 2021, baridi kali iliikumba Ufaransa muda mfupi baada ya Machi yenye joto lililovunja rekodi katika maeneo kadhaa. Mizabibu na miti ya matunda ilikuwa imekwisha chipua. Wakulima waliwasha maelfu ya mioto midogo usiku kucha katikati ya mashamba kujaribu kuiokoa, lakini hasara ilikuwa kubwa mno.

Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution waliochunguza tukio hilo walieleza jambo linaloonekana kama kitendawili. Kwa sababu ya ongezeko la joto duniani, baridi kama ile ya Aprili imepungua nguvu. Hata hivyo, uwezekano wa baridi hiyo kuikuta mimea ikiwa tayari imechipua umeongezeka kwa takriban asilimia 60, kwa kuwa mimea sasa huchipua mapema zaidi. Yaani mwizi hana nguvu kama zamani, lakini mwenye nyumba ameanza kuacha mlango wazi.

Daftari za kale

Pengine msomaji atauliza: Je, si kweli kwamba hata zamani palikuwa na vipupwe vya joto? Ni kweli. Hali ya hewa hupanda na kushuka. Desemba 2010, miaka mitano tu kabla ya ile ya ajabu, ilikuwa na baridi ambayo Uingereza haikuwa imeionja mwezi huo kwa muda wa miaka 100. Mwaka mmoja hauwezi kutoa ushahidi.

Ushahidi hutolewa na miaka mingi, na hapa ndipo tunapopaswa kuwashukuru watu waliokuwa na mazoea ya kuandika. Mwaka 1736, bwana mmoja mwenye mashamba aitwaye Robert Marsham, wa kijiji cha Stratton Strawless karibu na Norwich, alianza kuandika tarehe za dalili za machipuko: ua la kwanza la tone la theluji, jani la kwanza la mwaloni, mbayuwayu wa kwanza. Mwaka 1789 kumbukumbu zake zilichapishwa na Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya London. Alipofariki, jamaa zake waliendeleza daftari hilo kizazi baada ya kizazi hadi 1958.

Huko Kyoto nchini Japani, kumbukumbu za siku ambayo maua ya cheri hufikia kilele zimekusanywa kutoka shajara za makabaila na watawa tangu mwaka 812. Mwaka 2021 kilele kilifika tarehe 26 Machi. Hakuna mwaka uliotangulia, katika miaka zaidi ya 1,200, ambapo kilele kilikuwa kimewahi kiasi hicho.

Mfano mwingine unatoka katika bustani ya nyumbani. Profesa Fred Last, mwanasayansi wa Uingereza, alianza mwaka 1978 kuandika mimea iliyochanua katika bustani yake mwenyewe huko Longniddry, mashariki mwa Edinburgh, Scotland. Aliendelea kwa miongo kadhaa, na daftari lake la bustani likawa chanzo cha tafiti za kisayansi.

Mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walitoa matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu zaidi ya 400,000 za aina 406 za mimea nchini Uingereza, za tangu 1753 hadi 2019. Waligundua kwamba kwa wastani, tangu 1987, mimea hiyo huchanua karibu mwezi mzima mapema kuliko ilivyokuwa kabla ya mwaka huo. Idadi kubwa ya kumbukumbu hizo ziliandikwa na watu wa kawaida: walimu, makasisi, watunza bustani na wastaafu.

Wageni kutoka Afrika

Ua halichanui kwa ajili ya macho ya binadamu. Huchanua kwa ajili ya nyuki. Nyuki wa asali huruka kwa shida joto likiwa chini ya nyuzi 10 hivi. Ua lililofunguka Januari huweza kunyauka bila kutembelewa na mdudu hata mmoja, na poleni yake ikapotea bure.

Mnyororo huo unafika hadi barani mwetu. Yuko ndege mdogo, mweusi kwa mweupe, anayekamata nzi, ambaye huishi Afrika Magharibi wakati wa kipupwe cha Ulaya, kisha huruka kwenda kuzaa huko kaskazini. Makinda yake hulishwa viwavi wanaokula majani machanga ya mwaloni. Ndege huyu hujua wakati wa kuondoka Afrika kwa kutazama urefu wa mchana, na urefu huo haujabadilika. Hana njia ya kujua kwamba huko aendako joto limewahi, majani yamewahi, na viwavi wamekwisha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba katika maeneo ya Uholanzi ambako viwavi huwahi zaidi, idadi ya ndege hao ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 90 katika miongo miwili.

Yetu sisi ni yapi?

Hapa Kenya hatuna kipupwe cha theluji, lakini tuna mimea inayongoja dalili. Pareto, iliyoletwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1920 na ambayo iliwahi kuifanya Kenya iongoze ulimwenguni kwa uzalishaji, ni mfano mzuri. Hustawi Molo, Nyandarua na nyanda za juu za Kisii kwa sababu huhitaji baridi ili itoe maua. Ukiipanda maeneo ya chini yenye joto, huota majani mengi ya kupendeza na maua machache mno. Mkulima wa pareto huuza maua, hauzi majani.

Wanaojaribu kupanda matufaha nchini huchagua aina zisizohitaji baridi nyingi, kama ile iitwayo Anna iliyotoka Israeli. Hata hivyo, wengi hulazimika kuyapukutisha majani kwa mikono ili mti udhani kwamba kipupwe kimepita.

Kahawa nayo hungoja maji. Machipukizi yake hulala wakati wa kiangazi, na mvua ya kwanza nzuri huyaamsha, hata baada ya siku kumi hivi shamba lote huwa jeupe na kunukia. Lakini mvua zikinyesha kidogo kidogo nje ya msimu, kahawa huchanua kwa mafungu. Buni huiva kwa nyakati tofauti, na mkulima hulazimika kuwalipa wachumaji mara nyingi zaidi kwa mavuno yale yale.

Hata jalidi si ngeni kwetu. Wakulima wa viazi wa Kinangop huijua, na wale wa chai wa Kericho na Nandi hawajasahau Januari 2012, jalidi ilipoyababua majani ya michai yao.

La kufanya

Kwa mwenye bustani katika nchi ya baridi, yako mambo kadhaa yanayoweza kusaidia.

Kwanza, asikate majani ya dafodili baada ya maua kunyauka. Majani hayo ndiyo yanayolilisha tunguu kwa ajili ya ua la mwaka unaofuata. Yaachwe kwa muda wa majuma sita hivi, hata kama yanaonekana kuharibu sura ya bustani.

Pili, ajiepushe na kupogoa waridi au kutia mbolea yenye nitrojeni kwa sababu tu siku mbili tatu zimekuwa na joto. Kufanya hivyo huchochea machipukizi laini, nayo ndiyo chakula cha kwanza cha jalidi. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, mti mdogo wa matunda uliokwisha chanua ufunikwe usiku kwa kitambaa chepesi jalidi inapotangazwa, kisha ufunuliwe asubuhi ili nyuki waufikie.

Nne, mimea kama kamelia, ambayo ni ndugu wa karibu wa mchai wetu, isipandwe mahali panapopigwa na jua la alfajiri moja kwa moja. Chipukizi lililoganda likiyeyuka ghafula huharibika kuliko lile linaloyeyuka polepole.

Tano, na pengine hili ndilo kubwa, awe na daftari. Aandike tarehe ya ua la kwanza la kila mmea, mwaka baada ya mwaka. Nchini Uingereza, shirika la Woodland Trust hupokea kumbukumbu za aina hiyo kutoka kwa yeyote apendaye. Mkulima wa kahawa wa Nyeri naye anaweza kufanya vivyo hivyo, kwa kuandika siku ya mvua ya kwanza na siku ya ua la kwanza. Hakuna mtaalamu yeyote atakayekuja kumwandikia.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mtu anayeyatazama mawingu bila kuandika husahau, na anayesahau hawezi kujua kama mambo yamebadilika au ni fikira zake tu.

Mpwa wangu alinunua daftari mwaka ule ule wa 2016, na mstari wa kwanza ni wa dafodili za Januari. Tangu hapo kumekuwa na miaka ya kuwahi na miaka ya kuchelewa. Tarehe 26 Februari 2019, joto la nyuzi 21.2 lilipopimwa katika bustani ya mimea ya Kew jijini London, ambayo ndiyo siku ya kipupwe yenye joto zaidi kuwahi kurekodiwa Uingereza hadi wakati huo, aliandika kwamba nyuki walikuwa wamejaa katika krokasi zake.

Siku hizi haniulizi tena kama maua yamechanganyikiwa. Hunitumia tarehe, na ikifika Aprili, binti yake mkubwa ndiye anayekagua utabiri wa hewa kila jioni ili wajue kama mti wa plamu utalala umefunikwa au la.